Jina Lililoitwa Mara Tatu

Sauti ninayoikumbuka mpaka leo ni ya kidirisha cha maabara ya hospitali. Kilikuwa kidirisha cha mbao, hakizidi upana wa sinia, na bawaba yake moja ilikuwa imelegea. Kikifunguliwa kililia kriii, kama paka aliyekanyagwa mkia. Kikifungwa kilisema pa! Kati ya hiyo kriii na hiyo pa, mzee wa maabara aliita majina. Kila jina aliliita mara tatu. Mwenye jina akiitika alipewa karatasi yake ya majibu aipeleke kwa daktari. Asipoitika, karatasi ilirudi ndani, na yule mzee hakuwa mtu wa kubembelezwa.

Mimi nilikaa kwenye benchi mkabala na kidirisha hicho, na kalamu mkononi, nikiwajazia wagonjwa fomu. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba nikiwa na mwandiko mzuri, basi, hicho ndicho cheti changu. Niliishi kwa dada yangu, mtaa wa Kashai, chumba kimoja cha kupanga, na nilikuwa na hakika kabisa kwamba siku moja nitasoma taarifa ya habari redioni. Kila asubuhi nikifagia nilijitangazia: "Zifuatazo ni habari kutoka Bukoba!" Dada alinirushia kandambili. Sikujali. Mtangazaji lazima azoee maadui.

Kwenye benchi nilipelekwa na mama mmoja wa Kibeta, mkunga mstaafu, ambaye parokia ilimwomba asaidie wagonjwa na familia zao. Kazi yake haikuwa na jina la ofisini. Wagonjwa walimwita msemaji wetu. Aliingia nao kwa daktari. Daktari akisema maneno matano ya haraka, yeye alimwomba ayarudie polepole, kisha akayageuza kwa Kihaya, kisha akamgeukia mgonjwa: "Haya, sasa nieleze wewe. Ukifika nyumbani utafanya nini?" Mgonjwa akikosea, walianza upya, na daktari akisubiri huku akitazama saa yake. Mama hakuwahi kuiona hiyo saa.

Aliniambia kazi hiyo alijifunza wakati wa vita, watu walipokimbia kutoka kule juu mpakani wakiwa na magodoro kichwani. Wakati huo alikuwa bado mkunga kazini, na aligundua kwamba mtu aliyekimbia huulizwa mambo mengi na kila mtu, lakini haulizwi anataka nini. Mimi vita navikumbuka kwa mbali, nikiwa mgongoni mwa mtu. Baada ya vita ukaja ukimwi, ambao kwetu watu waliupa jina la aina ya mashati yaliyokuwa yakiletwa kwa magendo kutoka ng'ambo. Miaka ninayoisimulia, kila aliyekonda alikuwa ameshahukumiwa na majirani kabla hajafika hospitali.

Sheria ya mama yule ilikuwa moja: usimsemee mgonjwa neno ambalo mwenyewe hajalisema. Nami niliivunja mwezi wangu wa pili.

Walikuja mama na binti yake kutoka Muleba. Binti alinizidi miaka michache tu. Alikuwa akiuza dagaa visiwani mpaka kikohozi kilipomrudisha nyumbani, na sasa kitenge kilimzunguka mwilini karibu mara mbili. Daktari alikuwa ameagiza apimwe makohozi, na mimi nilitakiwa kujaza fomu. Mama akaniinamia sikioni.

"Mwana wange, andika jina la shangazi yake."

"Shangazi yake naye anaumwa?"

"Shangazi yake alishakufa. Yeye hawezi tena kuaibika." Akatazama huku na huku. "Watu wa kwetu wamejaa hapa. Na kaka yake anaoa baada ya Pasaka. Wakwe wakisikia kuna mgonjwa wa namna hii nyumbani, mahari itarudi ilikotoka."

Binti alikuwa anatazama miguu yake. Sikumuuliza kitu. Nilimhurumia yule mama, nikaandika jina la marehemu kwa mwandiko wangu mzuri kabisa, hata mstari nikaupiga kwa rula.

Binti akatoa makohozi siku mbili kama ilivyotakiwa, wote wawili wakilala kwa ndugu zao wa Kagondo. Siku ya majibu tulikaa watatu kwenye benchi. Kriii. Mzee akaita jina. Nikamtazama mama. Akaita mara ya pili. Mama akanishika kifundo cha mkono kwa vidole vyake vya baridi.

"Usiitike," alininong'oneza. "Jina hilo tulilizika sisi wenyewe. Anayeliitikia anamfuata mwenyewe."

Hilo hatukulifikiria, si yeye wala mimi. Kuliandika jina la marehemu kulikuwa rahisi. Kuliitikia mchana kweupe, mbele ya watu, kwa mama yule kulikuwa sawa na kumlaza mwanawe pale pale karibu na kaburi la shangazi, kwenye migomba. Mara ya tatu. Ningeweza kusimama mimi, lakini nami niliogopa: fomu ilikuwa na uongo, na uongo ulikuwa na mwandiko wangu. Pa! Wakaondoka na pikapu ya mchana kurudi Muleba bila jibu, na kwao kukosa jibu kulikuwa jibu tosha.

Juma hilo sikutangaza chochote. Hata dada aliniuliza kama nina malaria. Jumamosi nikaenda Kibeta. Mama msemaji alikuwa uani akimenya ndizi.

"Mtangazaji! Leo mitambo imeharibika?"

Nikajaribu kucheka, nikalia. Nikamweleza yote. Aliweka kisu chini, na mimi nikahesabu maganda ya ndizi maana sikuwa na pa kutazama.

"Yule binti alisemaje ulipoandika?" akauliza mwishowe.

"Hakusema."

"Ulimuuliza?"

"Sikumuuliza."

"Basi." Akachukua kisu. "Hujaua mtu. Ila yuko mtu Muleba anayesubiri kufa, na sisi hatujui kama anakufa kweli. Menya hizo za upande wako. Jumatatu tunakwenda maabara."

Jumatatu mzee wa maabara alitusikiliza kwenye mlango wa nyuma.

"Karatasi ipo," alisema. "Lakini simpi mtu asiye mwenyewe."

"Mzee wangu, mwenyewe yuko Muleba hajiwezi!" nikasema.

"Na mwenye jina?"

Nilidhani mama msemaji atamwomba, kumbe alitikisa kichwa kukubali.

"Ana haki," aliniambia. "Ungependa karatasi yako apewe kila mwanamke mwenye kilemba kizuri?" Kisha akamgeukia mzee. "Niambie jambo moja tu, ndugu yangu. Sisi tuna safari ndefu. Twende leo, au tungoje gari la misheni la Alhamisi?"

Mzee aliitazama barabara.

"Mimi ningekwenda leo," akasema, akafunga mlango.

Tulipata lori la kahawa mpaka njia panda, kisha tukatembea kati ya migomba. Nyumbani kwao walitandika nyasi mpya sakafuni tulipopiga hodi, kana kwamba tumeleta habari ya posa. Baba mdogo wa binti alikuwepo, mzee mpole wa maneno machache, naye akaagiza kahawa ya kutafuna. Kwetu mgeni hupewa buni zilizochemshwa na kukaushwa, kwenye kikapu kidogo, na kuzikataa ni kuikataa nyumba. Mama wa binti akakileta kikapu.

"Waitu, samahani," msemaji alisema, akitumia neno letu la heshima, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Mimi nimekuja kwa binti. Ningefurahi kupokea kahawa mkononi mwake."

Watu wakatazamana. Siku hizo kikombe cha mgonjwa kilitengwa, na kijiko chake pia. Binti akatolewa chumba cha ndani akiegemea ukuta, akakaa, akakipakata kikapu. Mama msemaji akatia mkono, akachukua buni tatu, akatafuna polepole kama mtu asiye na haraka ya maisha. Nami nikachukua. Nilitafuna kwa nguvu mpaka taya zikaniuma.

Kisha akaeleza kwamba majibu yapo na yanamngoja mwenyewe.

"Waitu, ugonjwa tunaujua," baba mdogo alisema. "Ametoka visiwani, amekonda, anakohoa. Mnataka tumpakie kwenye gari mpaka Bukoba ili karatasi ituambie tunachokiona?"

"Na kama karatasi inasema kingine?"

"Kingine kipi?"

"Sijui. Sijaisoma. Wewe umeisoma?"

Mzee akajikuna kidevu. Mama wa binti akasema, akipangusa macho, "Na harusi?"

Msemaji aligeuka akamtazama binti. "Wewe unasemaje?"

Nilimwona binti akishtuka, kama mtu aliyeguswa bega gizani. Alikohoa kwanza, muda mrefu, na sote tukamsubiri.

"Kule mwaloni, boti zinakotia nanga," akasema, "nikitangaza dagaa wangu nilisikika mpaka mwalo wa pili. Wavuvi walisema wananunua ili ninyamaze." Akatabasamu kidogo. "Hapa nyumbani hata jina langu sina. Mimi nataka kwenda. Na nataka niitwe langu."

"Mama yako anaogopa," msemaji alisema.

"Najua. Mimi naogopa zaidi."

Mama yake akakaa karibu naye, akamvuta kichwa kifuani. Aliomba msamaha kwa Kihaya, maneno ambayo siwezi kuyageuza vizuri kwa Kiswahili, na sidhani kama ni yangu kuyageuza. Baba mdogo akasimama kwenda kutafuta vijana wa kumbeba mpaka barabarani.

"Wakwe je?" mama akauliza tena, taratibu zaidi.

"Nikitumwa na binti nitawaendea," msemaji alisema. "Asiponituma sitasema hata neno."

Nami nilikuwa na neno langu. Niliinama nikamwambia binti, "Ni mimi niliyeandika jina lile bila kukuuliza. Unisamehe."

Aliniangalia. "Mwandiko ulikuwa mzuri lakini," alisema. "Shangazi angefurahi. Hakuwahi kuandikwa vizuri hivyo." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na mama yake akaanza kucheka na kulia kwa pamoja.

Bukoba, mzee wa maabara hakupokea maelezo yangu. Aliyataka kutoka kwa mgonjwa mwenyewe, na mgonjwa akamweleza, amenishika bega: fomu ile ni yake, jina si lake. Mzee akasema haitoshi, atoe makohozi upya kwa jina lake halisi. Safari hii nilimuuliza binti jina lake herufi kwa herufi, nikamwonyesha kabla ya kupeleka.

"Ongeza mstari," akasema. "Shangazi alipata mstari."

Nikaongeza.

Siku ya majibu benchi lilijaa. Mzee alifungua, akaita jina mara moja tu.

"Niko hapa!"

Sauti ilitoka kwenye ule mwili mdogo kama yuko kule visiwani kwake. Veranda nzima iligeuka, na mwanamke mmoja wa Muleba aliyemtambua akafunika mdomo. Binti hakumtazama. Mama yake alisimama naye, akaenda naye mpaka dirishani.

Ilikuwa kifua kikuu. Karatasi ya kwanza ilisema hivyo, na ya pili ikasema hivyo hivyo. Daktari alieleza: sindano na vidonge kila siku kwa miezi miwili akiwa wodini, kisha vidonge nyumbani kwa miezi mingi, bila kuruka hata siku moja, na kifua kitapona. Msemaji akamwomba arudie polepole. Kisha akamgeukia binti: "Haya, nieleze wewe." Akaeleza. Akamgeukia mama: "Na wewe." Mama akakosea kwenye miezi, wakaanza upya.

Daktari akagusia pia kipimo cha damu. Msemaji akauliza kama ni lazima leo. Si lazima, daktari akasema. "Basi atasema mwenyewe akiwa tayari." Baadaye alisema, na alichoamua ni chake, sikiandiki hapa.

Juma la pili mama yake alilazimika kurudi Muleba, migomba haina likizo na harusi ilikuwa inakaribia, maana wakwe walikuwa bado hawajakimbia. Ndugu wa Kagondo waliahidi kuleta chakula, na chakula walileta kweli, ila walikiweka mlangoni wakaondoka. Nguo zake chafu zilibaki kwenye beseni chini ya kitanda. Aliniona nikizitazama.

"Ziache," alisema. "Mama akija."

"Unataka ziachwe?"

Alifikiri. "Hapana. Nataka kitenge cha bluu. Kina harufu ya dawa mpaka naota sindano. Na zote zianikwe mbele, juani."

Akalala. Msemaji siku hiyo alikuwa wodi nyingine, na benchi langu halikuwa na mtu. Nikatoka na beseni mpaka bombani nyuma ya jiko la wagonjwa.

Wakati ule nguo za mgonjwa zilifuliwa kwa kujificha na kuanikwa ndani, au nyuma kabisa kwenye migomba, pasipoonekana na mpita njia. Nilivifua vyote, kitenge, shuka na kitambaa cha kukoholea, nikasuuza mara tatu mpaka maji yakatoka meupe. Halafu nikazunguka na beseni kichwani hadi mbele, kwenye ua wa miti mifupi unaotazama barabara, na nikaanza kuanika. Kitenge cha bluu nilikitandaza upana wake wote, upande wa watu.