Nzuri, Ila

Kitu kikiniambia "sawa" kila siku bila hata kukohoa, huwa nataka kujua kinaficha nini. Mke wangu anaita tabia hiyo uchokozi.

Mwenzangu kazini, mwongoza watalii, Mmaasai wa Nainokanoka, alimrekodi mama yake akiwaita ng'ombe kwa majina wakati wa kukamua. Mama alikuwa anaugua koo na sauti inamwishia. Rekodi akaziweka kwenye kompyuta ya ofisi yetu hapa Karatu, ninayoitunza mimi. Kila asubuhi programu ndogo, iliyoandikwa na fundi aliyenitangulia, ilinakili mafaili yote kwenye diski ya akiba, kisha ikamtumia bosi ujumbe: "Nakala imekamilika."

Siku moja umeme ulikatika, ukarudi kwa fujo, kompyuta ikaungua.

"Kaka, za mama zipo?" mwenzangu aliuliza.

"Zipo," nikamjibu, nikachomeka diski kwenye kompyuta yangu. Picha za simba zilikuwepo, bei za vyumba zilikuwepo. Za mama hazikuwepo, na asubuhi ileile ujumbe ulikuwa umefika.

Nikaifungua ile programu, ambayo nakala yake ilikuwa kwenye diski hiyohiyo. Kumbe amri ya kunakili ina midomo miwili: mmoja hutoa majibu, mwingine hulalamika. Bosi alichoshwa na malalamiko kwenye simu yake, fundi akauelekeza mdomo wa pili mahali ambapo maneno hupotea moja kwa moja. Na neno "imekamilika" lilitoka tu, kazi ifanyike isifanyike. Nilifuta maelekezo hayo ya mdomo wa pili, nikaiendesha tena. Papo hapo ikasema: diski imejaa.

Nilicheka, halafu nikamwona mwenzangu, nikaona aibu. Ni sisi wenyewe hawa. Mtu ukimuuliza habari za nyumbani atajibu nzuri, ndipo aongeze, ila mtoto amelazwa. Fundi alikuwa ameikata programu kwenye nzuri, kabla ya ila.

Mwenzangu akampigia mama yake simu, akamsalimu kwa Kimaasai. Salamu hiyo naielewa. Mama alijibu kwamba hajambo. Nilimwashiria mwenzangu asikate simu. Tukasubiri, na kweli mama akaendelea, kwa sauti ndogo ambayo sikuisikia.

"Anasema tuje kesho akikamua, tutarekodi upya," mwenzangu akanitafsiria. Akaongeza: "Ila ng'ombe siku hizi anawaita kwa kupiga makofi."

Tulikwenda hivyohivyo, tukarekodi makofi.