Udongo wa Vidole Vinne

Siku Venant alipomwona Gesine kwa mara ya kwanza, yule mama alikuwa amebeba mkeka wa nyasi begani, mithili ya mtu aliyebeba mtoto aliyelala, akielekea kwenye banda la kondoo wake. Mkeka wenyewe hakuununua. Ulikuwa umekataliwa na jirani.

Venant na mwenzake Njenga, Mkikuyu kutoka Kenya, walikuwa kazini. Kampuni yao ililima nyasi huko Windsor, nje kidogo ya Sydney, kando ya mto. Mashine ilizikata pamoja na mizizi na udongo wake kidogo, ikazikunja kama mikeka, nao wakaipakia kwenye lori na kwenda kuitandika kwenye nyumba za watu. Asubuhi uwanja ni vumbi tupu, jioni mwenye nyumba anatembea pekupeku juu ya kijani. Siku hiyo walikuwa nje kidogo ya St Marys, kule ambako nyumba bado zina viwanja vikubwa na watu wanafuga. Mikeka kadhaa ilikuwa imeungua kwa jua njiani ikawa ya manjano, na mteja akasema hiyo haitaki. Ndipo bibi mmoja mrefu, mwenye kofia ya ukindu, akatokea upande wa pili wa ua akauliza kama wanakwenda kuitupa.

"Tunaitupa," Njenga akajibu.

"Basi nitupieni mimi."

Akaichambua mmoja mmoja, akivuta mizizi kwa vidole, na mingine akairudisha kwenye lori. Venant alidhani anachagua rangi. Ile aliyoipenda akaiingiza bandani mwenyewe, akaitandika miguuni pa kondoo, nyasi chini na mizizi juu.

"Huyu shosho ametandika kichwa chini," Njenga akanong'ona, akimwita bibi kwa lugha ya kwao. "Nenda ukamwonyeshe, fundi."

"Nenda wewe."

"Mimi dereva. Fundi ni wewe."

Venant hakwenda. Alikuwa Mrundi wa makamo, aliyesoma shule ya msingi tu, tena nusu yake katika kambi ya wakimbizi Tanzania chini ya turubai, na kuuliza jambo kulimtoa jasho kuliko kubeba mizigo. Mkewe Nibigira alizoea kusema kwamba mume wake mikono hufika kabla ya mdomo. Lakini swali lile halikumwacha. Alilala nalo, akaamka nalo. Kwa nini mtu alaze nyasi kifudifudi chini ya kwato za kondoo?

Ikawa desturi. Kila walipopita upande ule walimpelekea mabaki. Gesine alizungumza Kiingereza chenye lafudhi nzito ya Kijerumani, Venant chake kilikuwa cha kuungaunga, na kwa sababu wote wawili waliazima lugha, hakuna aliyemcheka mwenzake. Venant alimwita Mama Gesine.

"Gesine ni mimi mwenyewe," yule mama akasema siku moja. "Mama Gesine ni nani? Sina mtoto."

Venant akatua mkeka. "Kwetu, Mama, jina tupu ni la watoto."

"Kumbe nimejizaa. Haya, leta mikeka."

Nyuma ya nyumba palikuwa na kipande cha ardhi chenye upana wa uwanja wa mpira wa wavu. Wakati ule hakikuwa na mmea hata mmoja. Udongo wake ulikuwa mweusi, umeinuka kidogo kuliko njia inayoupita, ilhali kiwanja chote kingine kilikuwa mfinyanzi wa manjano uliopasukapasuka kwa kiangazi. Venant alikitazama kipande kile kila alipokuja, na taratibu akajijibu mwenyewe swali lake. Mama huyu anatamani bustani ya nyasi, akawaza. Magoti yamekataa, na kutandika hajui. Basi mikeka anaishia kuwapa kondoo.

Novemba walikuta nyumba imefungwa. Jirani akawaambia Gesine yuko hospitali, nyonga imefanyiwa upasuaji, na yeye ndiye anayewalisha kondoo. Wiki hiyohiyo mteja mmoja alivunja oda, na lori zima la nyasi za kikuyu likabaki uani mwa kampuni. Bosi akasema anayezitaka azichukue, kesho zitaoza.

Jumamosi wale watu wawili wakafika kwa Gesine na lori limejaa.

"Hizi ni za kwetu kabisa," Njenga alisema akishusha. "Zinaitwa jina la babu zangu. Zilifika Australia kabla yangu, na hakuna aliyeziuliza visa."

Venant alisawazisha ule udongo mweusi kwa reki, akatandika mkeka baada ya mkeka, akakata kingo kwa kisu, akamwagilia hadi maji yakasimama. Jioni alibaki ameegemea reki akiitazama kazi yake, ana furaha ya mtu aliyesema jambo refu mbele ya watu bila kukosea hata neno.

Gesine alirudi karibu na Krismasi. Venant akaenda peke yake na gari lake dogo, moyo unadunda kwa kungoja shukrani. Alimkuta ameketi kwenye kiti cha plastiki ukingoni mwa kijani, mkongojo mapajani.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, Mama. Na Njenga."

"Umetandika vizuri sana. Hata mshono hauonekani." Jirani alikuwa anakata matawi mahali fulani, na msumeno ulinguruma ukanyamaza, ukanguruma tena. "Sasa lete sepetu."

Akamwelekeza achimbe ukingoni, wima kama anayekata mkate. Venant akachimba. Juu palikuwa na nyasi, zinang'aa kwa afya, na mizizi yake myeupe ilikuwa imeshashuka na kushika. Chini yake udongo mweusi. Chini ya udongo mweusi, ghafla, mfinyanzi wa manjano, mgumu kama kigae. Gesine akainama kwa shida, akaweka vidole vinne kwa upana juu ya ule weusi. Vilienea sawasawa.

"Hiki ni nini?"

"Udongo, Mama."

"Ulitoka wapi?"

Venant akautazama ule weusi. Udongo hutoka wapi?

"Niliutengeneza mimi," Gesine akasema. "Tulipohamia hapa na mume wangu palikuwa na mfinyanzi mtupu. Huu ni wa miaka hamsini na kitu. Mwaka mmoja unanipa kiasi hiki." Akaonyesha ncha ya ukucha. Venant, aliyekulia kwenye mashamba ya ulezi, akapima kwa macho: punje moja ya ulezi kwa mwaka.

Ndipo akaelezwa. Kaskazini mwa Ujerumani, alikozaliwa Gesine, ardhi ilikuwa mchanga. Shayiri ilipandwa ikafa njaa pamoja na aliyeipanda. Basi watu wa zamani walikwenda porini, wakakata mabonge ya vichaka na nyasi pamoja na mizizi yake, wakayatandika zizini kichwa chini. Wanyama wakalala juu yake majira yote ya baridi, wakajisaidia humo, na baadaye yote yakatolewa, yakarundikwa, yakaoza, yakamwagwa shambani. Mwaka baada ya mwaka, mzee akifa anashika mwanawe, mpaka mashamba yakainuka kama mkate uliochacha, na watu wakapanda ngazi ya udongo kuyaingia.

Venant alisahau aibu yake kwa muda. Siku zote aliamini Wazungu walizaliwa juu ya ardhi iliyonona. Kumbe nao waliwahi kuomba chakula kwa mchanga.

"Lakini nyasi hizi zako," Gesine akaendelea, "hazikubali kufa. Ndiyo maana za aina hii nilikuwa nazirudisha kwenye lori. Nikiziacha, mwakani hapa hakitaota kitu kingine. Nikizibandua, zinaondoka na udongo wangu kwenye mizizi. Niambie, Venant, nifanye lipi?"

Alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini ardhi yenyewe ndiyo iliyokuwa inamshtaki.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Niliona haya."

"Na sasa?"

"Sasa naona haya zaidi."

Gesine akacheka kidogo, mkono kwenye nyonga. Kicheko hicho ndicho kilichomfungua Venant mdomo. Akauliza: na kama wangezibandua na udongo wake wote, wasikung'ute hata kidogo, wakazipeleka zizini?

"Zitaamka humo humo."

"Tuzigeuze tena."

"Na mizizi lazima itolewe kwa mkono. Kila uzi. Kijipande kimoja kikibaki, unaanza upya. Unaijua kazi hiyo?"

"Jumamosi nina nafasi, Mama."

Nibigira aliposikia habari hizo alimgeukia mumewe. "Umemtandikia mama wa watu nyasi bila kuombwa, na sasa unakwenda kuzitandua. Na kwangu lini utakosea, bomba la jikoni litengenezwe?"

Kiangazi chote kikapita hivyo. Venant alibandua, akabeba, akalaza bandani kifudifudi. Mikeka iliyokwisha kukanyagwa aliitoa, na Gesine, akiwa kwenye kiti chake, aliifumua kwa uma wa bustani na kuokota mizizi myeupe akiitumbukiza kwenye ndoo ya maji ili izame na kufa. Mikono ikiwa kazini, maswali yalimtoka Venant bila jasho. Babu yako alikuwa mtu wa namna gani? Mabonge mlikata wapi? Nani alikuwa anabeba?

Babu yake aliyakata mabonge akiwa kijana, Gesine akasema, na porini hapakuwa na amani. Shamba moja lilitaka pori kubwa la kulilisha, na pori lililochunwa ngozi lilibaki mchanga, upepo ukauchukua ukaufukia mlango wa mtu mwingine. Vijiji vilipigana kwa kuvuka mpaka na sepetu. Shamba la kwao lilikuwa jeusi hata shimo la kuzikia ng'ombe lilipochimbwa, yeye mtoto alisimama ndani na weusi ukamfika kiunoni. Kisha ikaja mbolea ya magunia, na kazi ikaisha.

"Babu alihuzunika?" Venant akauliza.

"Babu? Alisema mgongo wake umeshukuru."

Naye Gesine alikuja Sydney kwa meli akiwa binti, akafua mashuka ya hospitali huko Bankstown, akaolewa na Len, mtu wa reli. Walipopata kiwanja, viazi vyao vya kwanza vilitoka kama gololi. Akamkumbuka babu yake. Akaanza kuomba nyasi kila palipochimbwa msingi wa nyumba au bwawa la kuogelea. Len alimdhihaki kwamba amevuka dunia nzima kuja kulala na samadi, lakini yeye ndiye aliyebeba mabonge hadi alipofariki.

"Ulifanya kwa ajili ya viazi, Mama?"

Gesine akatupa mzizi ndooni. "Viazi viko dukani Merrylands, vya bei rahisi. Nilitaka kujua kama babu alisema kweli."

Venant naye akasimulia. Kwa bibi yake huko Burundi ng'ombe walilazwa juu ya majani, asubuhi yakatolewa yakawekwa kwenye migomba. Mlima ulikuwa mwekundu wote, ila kuizunguka nyumba udongo ulikuwa mweusi na laini. Kambini hakuona tena kitu kama hicho, maana kulima nje ya uzio kulikatazwa. Gesine akaacha ndoo yake. Ng'ombe wangapi? Majani ya nini? Weusi ulishuka kiasi gani?

"Kumbe na ninyi," akasema.

"Na sisi, Mama. Ila hatukujua kama tunatengeneza kitu. Tulidhani tunafagia zizi."

Njenga alipita mara mojamoja kushika sepetu na kutaniwa.

"Wewe ndiye mwenye nyasi hizi?" Gesine alimwambia. "Zirudishe kwenu."

"Haiwezekani, shosho. Zimeshapata uraia. Mimi ndiye bado nangoja."

Baridi ilipoingia, rundo walilolilimbikiza nje ya banda lilitoa mvuke asubuhi. Walilipindua, wakaokota mizizi, wakalipindua tena. Mara mbili walikuta machipukizi ya kijani ndani yake, na mara zote mbili Venant alikosa usingizi. Septemba hawakukuta kitu. Wakalimwaga shambani, wakalisambaza kwa reki, wakangoja mvua ilishindilie. Kisha Gesine akaomba sepetu, akachimba ukingoni yeye mwenyewe, mkongojo kwapani, akaweka vidole.

Vitatu vilienea. Cha nne, kile kidogo cha mwisho, kiligusa mfinyanzi kwa nusu yake.

"Kuna kilichopotea," Venant akasema kwa sauti ndogo.

"Kiko kwenye ndoo na kwenye viatu vyako." Akafuta vidole kwenye gauni. "Ni udongo wa miaka saba au minane. Kilichobaki ni kingi. Lete viazi."

Walipanda viazi upande mmoja na maharage upande wa pili, maharage mekundu ya Kirundi ambayo Nibigira aliyatoa kwenye mkebe wake akisema anataka kuona kama huo udongo una maana. Yaliota yote. Mwisho wa mwaka Nibigira alipika ya kwanza, akala, akaongeza.

Januari, katikati ya wiki, jirani alimpigia Venant simu kumwambia kwamba Gesine amefariki usiku akiwa nyumbani mwake, moyo umesimama. Venant alikuwa na matope hadi magotini, anatandika uwanja wa mtu. Njenga alimpokonya kisu mkononi akamketisha kwenye ngazi ya lori.

Alichokumbuka pale ngazini ni Jumamosi iliyopita. Walikuwa wamekunywa chai. Kondoo walikuwa kivulini. Gesine alikuwa kwenye kiti chake, na Venant alikuwa anapita katikati ya maharage kuelekea kwenye gari ndipo akauona: unyasi mmoja wa kikuyu, kijani kibichi, umetoboa udongo mweusi. Akapiga magoti, akaushika shinani.

"Uache huo," Gesine akasema nyuma yake. "Ukiung'oa leo, Jumamosi utasema umekuja kufanya nini?"