Masaa Kumi ya Profesa

Safari ndefu kuliko zote katika maisha ya Mama Vifungo, fundi cherehani, ilikuwa ya kutoka kitandani hadi kwenye cherehani yake barazani. Kwa hiyo binti yake aliyeolewa ng'ambo alipopiga simu kwamba anakaribia kujifungua na anamtaka mama yake, kazi ya kukata tiketi ilikabidhiwa mtu mwenye uzoefu: shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, fundi simu ambaye mtaa mzima ulimwita Profesa. Uzoefu wenyewe ulikuwa wa kuziona ndege zikipita juu ya bati la kibanda chake.

Profesa alibonyeza simu, akapima umbali kutoka uwanja hadi uwanja, akainua kichwa kama daktari aliyetoka kwenye upasuaji.

"Masaa kumi tu, shemeji. Ukisinzia kidogo, umefika."

"Mbona hapa wameandika tunashuka njiani?"

"Ah, kushuka na kupanda tu hapo."

Mama Vifungo akafunga mkate na mayai mawili, akamwambia mkwewe ampokee jioni ya siku ileile ya safari.

Kushuka alishuka. Kupanda ndiko kukawa hadi kesho yake mchana. Alionyeshwa viti vya chuma vilivyotenganishwa kwa vyuma vingine, abiria asije akapitiwa na balaa la kulala. Mayai yalikwisha mapema. Jioni, abiria wa kiti cha jirani akamsaidia kuunganisha simu yake na mtandao. Mkwe hakupatikana, akampata Profesa.

"Hayo ya kukaa hayahesabiki, shemeji," Profesa alimtuliza. "Ndege ikiwa chini, umbali hausogei."

"Na miguu yangu iliyovimba, inahesabika?"

"Halafu saa za kule ziko nyuma. Kimsingi umepata faida."

Faida hiyo ilimfikia kwa simu iliyofuata. Mkwe, mtu mtiifu, alikuwa amekwenda uwanjani jioni kama alivyoambiwa, akakodolea macho mlango ambao mama mkwe hakutokea. Huku nyumbani kwao uchungu ukamshika mkewe akiwa peke yake. Jirani ndiye aliyemkimbiza hospitali. Mama Vifungo aliposikia, aliacha kuona mataa na maduka ya uwanja ule. Alikaa ameishika simu kwa mikono miwili, hata kulia hakuweza, mpaka mkwe alipopiga tena: mtoto wa kike, wote wazima. Hapo ndipo alipolia, tena kwa sauti.

Alipofika hospitalini, binti alimtazama kwa macho mazito.

"Mama, si ulisema jana?"

"Mimi? Mwulize baba yako mdogo, bingwa wa anga."

Bingwa mwenyewe alipiga simu saa hiyohiyo. "Umeona, shemeji? Si nilisema utafika!"

Mama Vifungo akaikata, akampokea mjukuu, akamgeukia mkwe.

"Baba, tiketi ya kurudi utakata wewe. Usinitajie masaa. Nitajie viti nitakavyokalia njiani."