Benchi Lilibaki na Nafasi

Juzi asubuhi nilikwenda ofisi ya umeme hapa Kikula kulalamika kwamba umeme unakatika kila siku. Ofisi yenyewe ilikuwa gizani. Kando yangu kwenye benchi aliketi mama mmoja mzee, amejifunga kitenge cha kijani.

Taa zikawaka, watu wakapiga makofi. Mama yule akasogea, akapangusa nafasi aliyoiacha, akasema taratibu: “Karibuni, bankambo. Mwikale, mukae hapa.”

Karani akacheka dirishani. “Mama, bankambo gani humu?”

“Bazee betu. Kijiji yabo iko chini ya maji, kule Mwadingusha. Balifunga mto, makaburi ikabakia mule mule. Ile maji njo inaleta kuran, ile umeme ya mu taa. Unafikiri inakuyaka yake moya, bila bale bazee?”

Karani akainamia karatasi zake. Foleni ilifika mlangoni, wengine wamechoka kusimama, lakini hakuna aliyethubutu kuketi pale.

Mnanijua kwa kulalamika. Siku hiyo niliondoka bila kufika dirishani. Jioni umeme uliporudi nyumbani, watoto walishangilia. Mke wangu akanitazama, akauliza ni wageni gani ninaowapangia viti.