Ngurumo Ashusha Sauti

Walimwita Ngurumo, na jina halikuwa la bure. Mchana alishona nguo za watu. Jioni za mwisho wa wiki alisimama mbele ya bendi ya kelele nzito, magitaa ya umeme yakikwaruza, naye akipiga mayowe hadi mishipa ya shingo imtoke. Nyuma yake, kwenye dramu, alikaa kaka yake. Bendi ilikuwa yao wawili. Wapiga gitaa walikuja na kuondoka.

Mama yao alipoanza kusumbuliwa na presha, Ngurumo alirudi kuishi naye katika nyumba waliyokulia. Siku moja alikuwa akipinda sketi ya mteja, majirani wakaanza kugombana upande wa pili wa ukuta. Sindano ikamponyoka. Akakumbuka baba alivyokuwa akimpiga mama, na kaka alivyokuwa akimwingiza yeye chini ya meza, akigonga makopo na kumwambia apige kelele ili wao wawili wasisikie kipigo.

Aliiacha sketi, akachukua gitaa kavu, lisilo la umeme, akatunga wimbo wa sauti ya chini kuhusu kipigo kile na makopo yale.

Kaka aliusikiliza mpaka mwisho. Akasema hauimbwi. Baba keshazikwa, mama yu hai, na watu hawakosi la kusema.

"Ukiuimba, mdogo wangu, mimi simo."

Ngurumo akamwendea mama jikoni, akamwimbia. Mama aliendelea kuchambua maharage, hakuinua uso.

"Imba," alisema hatimaye. "Ila hapo unaposema nilinyamaza, patoe. Nililia. Nyinyi ndio hamkunisikia."

Ngurumo alipabadilisha.

Siku ya onyesho ukumbi ulifurika, na kaka alikuja kupiga dramu kwenye nyimbo nyingine zote. Alipovuta kiti na kuketi na lile gitaa, watu walipiga miluzi, wengine wakadai sauti ya spika iongezwe. Hakugeuka nyuma. Alijua kaka ameshika fimbo za dramu, na kwamba akitaka kuufunika wimbo, pigo moja lingetosha. Aliimba mabega yakiwa yamekaza, akilisubiri pigo hilo. Alipofika pale pa makopo, alisikia fimbo zikiwekwa chini taratibu, kisha mlango wa nyuma ukafungwa. Watu wengi nao wakatoka. Waliobaki aliwaimbia hadi mwisho, sauti ikimkatika.

Bendi ikafa hapohapo. Kaka akarudia kazi yake ya kuchomelea mageti, na kwa muda mrefu salamu zake zilipitia kwa mama. Ngurumo sasa huimba kwenye vyumba vidogo vya viti vya plastiki. Wakati mwingine mwanamke asiyemjua humshika mkono baada ya wimbo, akaenda zake.

Kaka akija kumjulia mama hali na kumkuta Ngurumo akifanya mazoezi, alikuwa akingojea uani hadi gitaa linyamaze. Juzi aliingia, akaketi na buti zake za kazini, akasikiliza huku akitazama sakafu.

"Ubeti wa pili unaukimbiza," alimwambia. "Upunguze mwendo."

Ngurumo akaurudia tangu mwanzo.