Betri ya Gari na Betri ya Baba

Fundi alizipanga aisoleta tatu juu ya boneti akatuambia tuchague. Aisoleta ni kidude cha kutenganisha betri mbili za gari moja: ile ya kuwashia injini, na ya pili ya kazi nyingine. Kwetu, kazi nyingine ilikuwa pumzi ya Baba. Mapafu yake yalikuwa yamechakaa kwa vumbi la mkonge alilolivuta ujana wake wote kule Kimamba, na daktari alishatuambia bila kuzunguka kwamba asikae mbali na mashine ya oksijeni. Nyumbani Tindiga, masika umeme ukikatika unakatika kweli. Ndiyo maana tulikuwa Mikumi, kwa fundi wa umeme wa magari anayehudumia malori ya barabara kuu, Baba kakaa kiti cha mbele na mpira puani, akitoa amri kana kwamba mapafu bado yako mazima.

"Hii ya mkono," fundi alisema, "unazungusha kitasa mwenyewe, kuunganisha na kutenganisha. Hii ya kati inaunganisha ukifungua ufunguo wa gari. Na hii inapima umeme yenyewe. Injini ikiunguruma, inashibisha betri kubwa, ile ya kuwashia, kwanza, halafu ndiyo inaipa ya pili. Ukizima, inazitenga. Ya pili hata iishe kabisa, haigusi ile ya kuwashia."

"Hata nikiwa na shida?" niliuliza.

"Hata ukilia, dada."

"Nifungie hiyo," Baba alisema.

Mimi nilitaka ya mkono, na sababu yangu hata mtoto angeielewa: mashine ikianza kulia kwamba inaishiwa, nizungushe kitasa, Baba apumue kwa betri zote mbili. Nilimwambia hivyo mbele ya fundi, kwa sauti ya juu kidogo kuliko ilivyostahili, maana kubishana na yule mzee kulikuwa kumenichosha.

"Halafu gari litawaka na nini?" aliuliza.

"Si tutasukuma!"

Alinitazama mpaka nikainamisha macho. Kisha akasema, kwa vipande, maana sentensi ndefu zilikuwa zimeshamshinda.

"Mama yako. Siku moja kabla kulikuwa na mpira. Watu walikuja kusikiliza redio ya gari. Tangu mchana. Ningewafukuza vipi? Asubuhi akashikwa na uchungu. Gari halikuwaka. Tukasukuma. Matope ya kwetu unayajua. Tulisukuma mpaka hakukuwa tena na wa kumpeleka."

Maisha yangu yote nilijua kwamba Mama alifariki kwa uzazi, na mdogo wangu akiwa tumboni. Habari ya betri sikuwahi kuambiwa. Fundi alisema, "Pole, mzee," akachukua spana, akaanza kufunga ile aliyoitaka Baba. Mimi nilikwenda kusimama kando ya barabara nikawa natazama malori, nikimlilia mama ambaye sura yake siikumbuki vizuri, na nikiwachukia watu wote waliowahi kupenda mpira.

Njiani kurudi Tindiga nilikuwa nimenuna. Mtu mwingine, baada ya msiba kama ule, angepiga marufuku jirani kugusa gari lake. Baba hakupiga. Alizunguka miaka na miaka akitafuta kidude kitakachomwacha aendelee kuwapa watu umeme wake bila kumuua mtu mwingine wa nyumbani kwake. Sasa alikuwa amekipata, akalala usingizi safari nzima.

Masika yakaja, na umeme ukaondoka. Niliegesha gari chini ya dirisha la chumba chake, nikapitisha waya dirishani, mashine ikawa inakula betri ya pili. Dizeli iliyokuwemo ilikuwa ya kutufikisha hospitali Kilosa mjini tu, kwa hiyo sikuthubutu kuungurumisha injini ovyo. Tulikubaliana kwamba umeme usiporudi hadi adhuhuri, tunaondoka. Betri ingetosha. Nilikuwa nimeshaijaribu, na ilitosha.

Lakini habari kwamba mzee hali si nzuri zilishaenea, na kwetu mgonjwa haachwi peke yake. Walianza kuja asubuhi, kanga zimefungwa juu kwa ajili ya matope, viatu mkononi. Shikamoo mzee, marahaba, unaendeleaje, wanakaa mkekani. Kila mmoja alikuwa na simu iliyozima. Wa kwanza aliomba kwa adabu. Wa pili hakuomba, aliona tu ya mwenzake imechomekwa. Baadaye mtu alikwenda kwake akarudi na waya mwingine wenye soketi nyingi, na wote wakamshukuru.

"Baba, hiyo ni betri yako," nilimnong'oneza.

"Wachomeke. Wamekanyaga matope kuja kuniona."

Mashine ililia kabla ya adhuhuri, kisha ikanyamaza. Nilikimbia nikafungua boneti. Betri kubwa ilikuwa pale, imejaa, na kile kidude katikati kimekaa kimya kikiilinda. Ningekuwa na kitasa ningekizungusha. Niliingia garini nikawasha, injini ikapokea mara moja. Kidude kikashibisha betri kubwa kwanza, kama tulivyoambiwa. Halafu kikaunganisha, kikaachia, kikaunganisha, kikaachia, maana betri ya pili ilikuwa tupu na kila ilipounganishwa ilishusha umeme, na kila kilipoachia mashine ilizima. Wanaume walimbeba Baba wakamlaza kiti cha nyuma.

Aliposikia mtetemo wa injini alifumbua macho.

"Limewaka," alisema.

Alisema kwa furaha kabisa, na furaha ile inaniuma hadi leo. Hatukufika mjini. Jirani aliyekuwa amempakata ndiye aliyeniambia nipunguze mwendo.

Pale pale barabarani nilitoa simu nimpigie shangazi. Ilikuwa imezima. Sikuwa nimeichaji siku ile, sikutaka kuigusa betri yake. Jirani akatoa yake akampigia mmoja, huyo akampigia mwingine, na tuliporudi Tindiga turubai lilikuwa limeshafungwa, sufuria ziko motoni, na vijana wameshakwenda kuchimba kaburi. Hakuna aliyekosa habari. Simu zao zote zilikuwa na chaji.