Alinianika Kanisani, Sasa Mimi Ndiye Mkalimani Wake

Admin, jina langu lifiche, na wenye haraka ya kuhukumu mnisome hadi mwisho kwanza. Mimi ni mama wa miaka 36, Mkongomani wa Kivu ya Kusini. Siku tuliyokimbia vita nilimwacha mama yangu mzazi ndani ya nyumba. Miguu yake ilikuwa haitembei, nami nilikuwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Alisema niende, nikaenda.

Tulipofika kambi ya wakimbizi ya Nakivale usingizi ukanikataa. Mlango ukigongwa tu natetemeka. Kanisani kwetu ukiwa hivyo unapelekwa kwa mama wa maombi, na hakuombei mpaka uungame yote. Nikaungama. Jumapili iliyofuata akasimama mbele ya watu akasema kati yetu kuna mwanamke aliyemtupa mama yake kwa maadui, ndiyo maana pepo wanamtesa. Hakunitaja, lakini alinikazia macho. Kwaya niliyokuwa naimba ikanitoa. Kwenye foleni ya maji wanawake wakawa wananyamaza nikifika. Mwishowe nikahamia mjini Mbarara, mtaa huu wa Kakiika.

Kiingereza nilijifunza kambini, na sasa ni mkalimani kwenye kliniki moja, nawatafsiria wakimbizi kwa daktari asiyejua Kiswahili. Wiki jana mlango ukafunguka, nikamwona yule mama wa maombi, amekonda, kashikwa mkono na binti yake. Nilifurahi, sitawadanganya. Kama alinitambua, hakuonyesha. Binti akaambiwa asubiri nje. Yule mama Kiingereza hajui hata neno moja, akaninong'oneza: "Dada, nasikiaka mutoto wangu mwenye alikufa ku vita. Ananiita nimufuate. Usiambie batu ba kanisa, tafazali."

Daktari akauliza amesema nini. Nikamjibu kuwa anaumwa kichwa na mgongo, ni kazi za shamba.

Akapewa vidonge vya maumivu, arudi Jumatano. Mlangoni akanishika mikono yote miwili, akasema, "Mungu akubariki. Weye unajua kuchunga siri."

Na kweli nimeichunga, hata daktari hajaipata. Malipo ni hapa hapa duniani, na mimi nilitaka akeshe kama nilivyokesha. Nilitamba nayo moyoni siku mbili nzima. Lakini lile neno "nimufuate" haliniachi. Nikisema ukweli nafukuzwa kazi, na watoto wangu wanakula kwa kazi hii. Nikinyamaza, mnajua wenyewe.

Leo ni Jumatatu. Binti yake, ambaye nilimpa namba yangu ya simu ya kupangia siku ya kurudi, amenipigia asubuhi hii mara tatu, na sijapokea. Ndugu zangu, nishaurini, nifanye nini?